Ufunguzi wa Daraja la Ban Tha Manao

Mtukufu Mtawa Mkuu wa hekalu letu, uliyeacha kivuli kizuri ukaja kukaa na sisi juani. Mheshimiwa Jenerali Mstaafu Thawip Chotthamrong, Mlezi wa Chama cha Ardhi Tulivu, mwokozi wa taifa mara mbili, baba yangu mdogo. Mheshimiwa Seneta Phensi, mteule asiyechoka kuteuliwa, mama yangu mzazi. Mheshimiwa Mwenyekiti wa Halmashauri ya Mkoa, mke wangu. Mheshimiwa Onuma, Mbunge wa Chama cha Mkulima Mpya, kinara wa upinzani na hasimu wangu mkubwa katika siasa za mkoa huu, dada yangu, ambaye leo asubuhi tumekunywa naye uji wa sufuria moja. Waheshimiwa wengine wote wa ukoo. Na ninyi ndugu wananchi wa Ban Tha Manao, kaka na dada, shangazi na wajomba, mnaotajwa mwisho kwa sababu za kiitifaki tu, maana moyoni mwangu mko mwanzo. Mimi ni Kraiwit Chotthamrong, Naibu Waziri mwenye dhamana ya miundombinu wezeshi na uunganishaji jumuishi wa kingo za mito, na nimekuja kufungua daraja. (Makofi kutoka viti vya mbele, vile vilivyovishwa vitambaa. Viti vya nyuma vinajipepea.)

Naona mnajipepea. Pepeo hizo ni zawadi yetu kwenu. Upande mmoja ni sura yangu, namba yangu ya kura na rangi ya chama changu. Upande wa pili ni sura ya dada Onuma, na namba yake, na rangi yake. Wako watu wa mjini, hasa vijana waliosoma wakapitiliza, wanaosema eti huu ni ujanja wa kulinda ulaji. Ujanja gani, ndugu zangu? Mwananchi amepewa uhuru kamili wa kuchagua, na kazi yake ni kugeuza kiganja tu. (Kicheko. Mzee mmoja anageuza upepeo wake huku na huku, kisha anamwambia jirani yake kwamba pua ni ileile.)

Daraja hili lina historia, na historia hiyo ni ya kwetu. Babu yangu, hayati Mheshimiwa Sawaeng, ndiye aliyeweka jiwe la msingi la kwanza, saa njema ikatafutwa na mnajimu, watawa wakasoma baraka, uzi mweupe ukazungushwa eneo lote na bajeti ikatiwa saini. Wiki ileile vifaru vikatoka kambini vikaingia mjini, kwa nia njema kabisa, katiba ikafutwa, na bajeti iliyopitishwa chini ya katiba isiyokuwepo ikawa nayo, kitaalamu, haipo. Babu hakukata tamaa. Alijiunga na serikali mpya. Baba yangu akaweka jiwe la pili, kubwa zaidi, lenye herufi za dhahabu, na chama chake kikavunjwa na mahakama saruji ikiwa bado mbichi. Lakini chama ni shati, ndugu zangu. Alivua hilo akavaa jingine. Kisha baba mdogo hapa, Jenerali, akaombwa na hali ya nchi aje arejeshe utulivu, naye hakuweza kuikatalia hali ya nchi, na kwa masikitiko makubwa akamwondoa madarakani baba yangu, kaka yake wa tumbo moja, kwa simu ya upole sana, baba akiwa mezani anamenya embe. Baba akamaliza embe lake. Kesho yake akateuliwa mshauri. Hayo ndiyo maridhiano ya kitaifa, na yanaanzia nyumbani. Mimi mwenyewe nimeweka jiwe la tatu, na leo nasema bila kumung'unya maneno kwamba hakuna ukingo wa mto katika nchi hii wenye misingi mingi kama huu. (Makofi ya mbele. Kuku wamelala juu ya jiwe la pili.)

Wanatuuliza, mbona kila chama kina mtu wenu, na kambini pia mna mtu wenu? Najibu kwa takwimu. Asilimia mia moja ya serikali zote, za kura na za vifaru, zimekuwa na Chotthamrong ndani yake. Huo unaitwa uendelevu, na wataalamu wanausomea miaka mingi ng'ambo wasiupate. Serikali zinapinduka, mawaziri wanapanda ndege usiku na pijama, lakini ninyi mnajua nyumba yetu iko palepale, geti jekundu, na mnajua kwa kwenda mtoto akikosa kazi au harusi ikikosa mgeni rasmi. Na misiba je? Hakuna maiti wa kijiji hiki aliyechomwa bila shada langu la maua. Anayebisha asimame. (Anasimama Bibi Champi, muuza wali wa kunata. Walioko karibu naye wanamvuta nguo akae. Hakai.)

Ndiyo, mama, sema, hii ni demokrasia. Mpeni maikrofoni. Siyo hiyo, ile ndogo. (Bibi Champi anaishika kwa mikono miwili. "Shada lako nililiona, mwanangu, lilikuwa zuri. Mjukuu wangu alifia tumboni mwa mama yake hapahapa ukingoni, mvua za mwaka juzi, tukingoja maji yapungue tumvushe kwenda hospitali. Sasa mkwe wangu Wilai ana mimba nyingine, na mwezi wake ndio huu. Sikuja kusikia habari za babu yako. Nataka kujua atavukia wapi." Pepeo zote zimesimama.)

Swali zuri sana hilo, mama, tena ni la kimkakati, na nimeguswa. Atavukia darajani. Atavuka kwa mujibu wa Mpango Mkuu wa Uvukaji Shirikishi, katika daraja hili lililosimama nyuma yangu, lenye njia mbili za magari, njia ya baiskeli, taa zinazotumia nguvu za jua na sehemu maalumu ya kupigia picha, ambalo kwa tathmini tuliyoifanya wenyewe litaongeza kasi ya maisha kwa asilimia themanini, na furaha ya akina mama kwa kiwango ambacho kompyuta yetu ilishindwa kukihesabu ikazima. (Watu wanatazama nyuma yake. Kisha wanatazamana.) Mwambie binti yako asiwe na hofu. Ajifungue kwa amani, na akijaliwa wa kiume, jina langu ninampa bure.

Na sasa naona akina mama wa safu ya kati wanasimama. Asanteni. Hata sijamaliza. Naona wengine wanakimbilia mtoni, bila shaka kwa shauku ya kuwa wa kwanza kuvuka, nami nawaomba mzingatie usalama. (Wilai ameshikwa na uchungu. Wanawake wamemshika makwapani wanamteremsha majini, mumewe yuko mbele anawafungulia njia. Mtumbwi ni mmoja na hautoshi wengi. Bibi Champi amebaki ukingoni, maji yakimfika magotini.)

Basi kabla sijakata utepe, tuitikiane. Nikisema ardhi tulivu, mseme nyumba imara. Ardhi tulivu! (Hata Mtawa Mkuu ameupa mgongo mkutano anatazama mto.) Daraja moja! (Mtumbwi uko katikati, unasukumwa na maji upande, unanyooka tena.) Ukoo mmoja! (Mtumbwi umegusa ng'ambo. Wilai ameinuliwa, anatembea. Kijiji kizima kinalipuka kwa makofi, watu wanalia na kukumbatiana, pepeo zinarushwa juu.)

Asanteni, asanteni, katika miaka yangu yote ya utumishi sijawahi kushangiliwa hivi, na machozi haya nayaona na nitayafikisha kwa Waziri. Kwa moyo huohuo namshukuru mchapaji wa mabango, aliyetutengenezea daraja hili zuri kwenye turubai kwa rangi zote. Nawashukuru vijana walioshika pembe zake nne tangu asubuhi lisipeperuke. Na kwa namna ya pekee namshukuru Mzee Bunluea, aliyetuvusha sisi waheshimiwa na viti vyetu kwa mtumbwi wake ili tuje kulifungua. Mzee Bunluea, tuko tayari. Maji yanapanda, na Jenerali ana chakula cha jioni mjini. Mzee Bunluea yuko wapi? (Anaambiwa: yuko ng'ambo na Wilai, na kwa maji haya harudi leo.) Mtumbwi mwingine? (Hakuna.) Baba mdogo, piga simu kambini, walete boti. (Jenerali anapiga, anasikiliza kwa muda mrefu, anashusha simu. Ofisa wa zamu amemjibu kwa heshima zote kwamba boti zimepelekwa kwenye vijiji visivyo na daraja, na kwamba kwa mujibu wa ramani ya jeshi Ban Tha Manao ina madaraja matatu, wachague lolote.)

(Bibi Champi anatoka majini, anakamua ncha ya sarong yake. Anamwambia Mheshimiwa kwamba wali upo, na chumba cha Wilai leo kiko wazi.)