Kengele ya Guduudo Katika Chumba cha Kusikiliza

Jumatatu, 8 Septemba

Alhamdulillahi, leo nimeanza kitabu changu. Daftari ya mraba, ile ya hesabu. Hesabu sina, maneno ninayo. Naandika Kiswahili kwa sababu Kisomali nakiongea tangu tumboni lakini kukiandika hakuna aliyenifundisha. Shule nilitolewa darasa la tatu, kule Bura. Ukame ukaja, aabo, baba yangu, akasema ngamia wanahitaji mtu. Kiti changu kikakaliwa na mwingine.

Haya, habari. Mimi ni Qali, mpishi wa shule ya watoto wadogo ya Mwalimu Hamdi, hapa Garissa, kando ya barabara ya kwenda soko la mifugo. Hamdi mwenyewe ni mtoto wa juzi, namjua tangu akiwa na kamasi. Lakini alienda Nairobi akasomea kitu inaitwa Montesori, sasa namwita Mwalimu na adabu zote.

Amefungua chumba kipya. Chumba cha kusikiliza! Mikeka midogo, rafu fupi, kengele za chuma zinazofanana kama mapacha, vitambaa vya hariri, spika. Watoto wa miaka mitatu, minne, wanasikiliza muziki wa zamani wa Wazungu, ule wa fidla na kinanda. Hauna neno hata moja! Nikamuuliza Hamdi, sasa mtu atajuaje nani anasifiwa na nani anatukanwa? Akacheka, akasema ndiyo hapo, eeddo (ndiyo shangazi kwetu), kazi ni ya sikio.

Na anataka msaidizi ndani ya hicho chumba. Ni mimi ama Rukiyo, yule wa kuosha watoto. Atachagua Alhamisi ya wiki ijayo, baada ya siku ya wazazi. Rukiyo akaniambia mbele ya watu, abaayo, dada yangu, wewe baki na masufuria, ndiyo peke yake yanavumilia hiyo mdomo. Walaahi! Na yeye mwenyewe amefungwa kama duka saa ya swala ya Ijumaa.

Mchana nilikuwa naosha vyombo, ile fidla ikalia nyuma ya ukuta. Polepole. Sijui nini ilinishika. Nikaona Sangailu, kwetu nilikolelewa. Aabo amechomoa betri za redio, amezianika juani zipate nguvu kidogo, ili jioni tusikie nyimbo za kaban, ile ala yetu ya nyuzi. Hakuna mtu anaongea. Hata mimi! Sahani ikanitoka mkononi.

Kile chumba lazima niingie. Kukaa nyuma ya ukuta sitaki tena.

Jumanne, 9 Septemba

Hamdi ametuonyesha kazi. Kuna mikebe kumi na mbili ya mbao imefungwa, huwezi kuona ndani. Miwili ina mchele, miwili maharagwe, miwili mchanga, miwili kokoto, hivyo hivyo mpaka iishe. Mtoto anatikisa kando ya sikio, anatafuta mwenzake. Akikosea unamwacha. Mkono nyuma! Mdomo umefunga! Mtoto mwenyewe atajisikia.

Nikasema moyoni, huyu msichana amesoma mpaka ikazidi. Umwone mtoto anapotea na unamwangalia tu? Sisi mbuzi akipotea tunamrudisha.

Kesho ni zamu yangu kukaa na watoto watano. Keshokutwa Rukiyo. Nina mpango. Mzuri sana. Hakuna mtoto wangu atakosea.

Jumatano, 10 Septemba

Nilifika kabla ya wote. Nikafungua mikebe yote kumi na mbili nikajaza mchele. Sasa ukishika wowote, umepata! Maharagwe nikayarudisha kwa sufuria, chakula hakitupwi.

Mpango ulienda vizuri kwa dakika mbili. Kisha Idman, mjukuu wa Mzee Salah, ana miaka minne na macho ya askari wa mpaka, akatikisa mmoja. Akatikisa wa pili. Wa tatu. Akatikisa yote. Akanitazama kama mimi nimekula mwenzake. Akaipanga kumi na mbili kwa mstari mmoja, akasema eeddo, hawa wote ni mmoja, nani amewaua wengine? Akalia. Wenzake wanne wakalia.

Hamdi akaja, akatikisa, akafungua. Sikuwa na pa kuangalia.

Na hiyo si mwisho. Saa ya chakula Rukiyo akauma kokoto ndani ya maharagwe. Jino la mbele, kipande kikaruka. Kumbe nilichanganya mkebe! Akasimama na kile kipande kwa kiganja akazunguka shule nzima kama anaonyesha dhahabu.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimeitwa ofisini. Hamdi hakupiga kelele, afadhali angepiga. Akasema eeddo Qali, kosa la mtoto ndilo mwalimu wake, wewe umemfukuza mwalimu. Akasema moja tena kama hiyo na chumba ni cha Rukiyo, hata siku ya wazazi hatangoja.

Nimeelewa. Kosa ni mwalimu. Basi mimi nimesoma sana jana.

Rukiyo amekaa na watoto wake leo. Kimya! Mkono nyuma! Kama mtu amechongwa. Na ile pengo kwa meno inamfanya aonekane mnyenyekevu, ndiyo inaniuma zaidi. Mimi ndiye nimempa.

Jumatatu, 15 Septemba

Mungu mkubwa. Leo nimepata mlango.

Hamdi amechora mstari wa duara sakafuni. Mtoto anashika kengele, anatembea juu ya mstari pole pole muziki ukiendelea, na kengele isilie. Ikilia, umekosa utulivu. Nikamwambia hii kazi mimi nimeifanya tangu ndogo, ila yetu ilikuwa lazima ilie. Nikamweleza koor, kengele ya mbao inafungwa shingoni kwa ngamia anayeongoza. Kila koor na sauti yake. Jioni ngamia wakirudi, mama alikuwa anakanda unga, amewapa mgongo, na anasema yule mwenye alama sikioni hayupo, nendeni mkamtafute. Alijuaje? Kundi likipungua, hata sauti inabadilika. Mimi nilikuwa naenda kutafuta nikilia, na nikirudi nasikia ile koor kutoka mbali, kok, kok, kok, najua nyumba iko upande ule.

Hamdi akaitazama rafu ya kengele. Kisha akasema, eeddo, tunaweza kupata moja ya kuweka kwenye rafu yetu? Watoto wasikie mbao na chuma. Nikasema iko moja aabo alichonga na mkono wake! Rukiyo alikuwa anafuta dirisha. Nikaona uso wake ukishuka kama pazia.

Tatizo dogo: hiyo koor iko shingoni kwa Guduudo, ngamia nyekundu ya kaka yangu Abdille, na Guduudo anafanya kazi.

Jumanne, 16 Septemba

Abdille amefika na ngamia kumi na mmoja, wamelala nje ya mji, kesho ni siku ya soko. Kumi wa kuuza, Guduudo wa kuwaongoza na kurudi. Nilimpelekea chai ya maziwa na sambusa kumi. Nikaomba koor.

Akakataa! Akasema walaal, ndugu yangu, wewe umekaa na sufuria mpaka umesahau? Guduudo anaitegemea, na wenzake wanaitegemea, bila hiyo wanatawanyika kama watoto wa shule yenu. Akasema ninunue mpya sokoni. Mpya! Mpya inajua nini kuhusu aabo?

Akaenda kuswali. Nikafungua kamba. Nikajaza kitambaa ndani isilie, nikaificha chini ya shuka. Sikuiba. Aabo ni baba yetu wote wawili, basi nusu ni yangu, na mimi nimechukua tu ile nusu kwa siku moja. Kesho mchana nairudisha kabla hajajua.

Jumatano, 17 Septemba

Sijui nianzie wapi.

Wazazi walijaa. Mzee Salah alikuwa mbele na bakora yake. Kabla hatujaanza akauliza kama hii ni ngoma, maana kwa ngoma hakai. Hamdi akamjibu kwa heshima, awoowe, babu yetu, hapa hakuna kucheza, hapa mtoto anafundishwa kutulia na kusikia. Akakaa. Lango likaachwa wazi kwa wanaochelewa.

Muziki ukaanza, ile fidla ya polepole. Watoto wanane juu ya mstari. Wengine vitambaa vya hariri mkononi, fidla ikipanda vinapanda, ikishuka vinashuka. Katikati Idman na koor ya aabo, kitambaa nimeshakitoa ndani, ameishika na mikono miwili kama maziwa yaliyojaa. Akazunguka mara moja. Haikulia. Mara mbili. Haikulia! Hamdi machozi yako karibu.

Na mimi? Mimi nikawatazama wazazi. Wametoka makwao kuja kusikia, na hawasikii kitu! Watasema Qali ameleta kipande cha kuni. Mdomo ukanitoka wenyewe. Nikainama nikamnong'oneza, Idman, tikisa! Tikisa, mama!

Akanitazama. Akatikisa. Kok, kok, kok.

Nje barabarani Abdille alikuwa anahangaika na ngamia wasio na kiongozi tangu alfajiri, mmoja kwa duka, mmoja kwa tuktuk. Guduudo akasikia shingo yake inalia ndani ya shule. Alifanya nini? Alikuja. Na wale kumi wakamwona anakwenda na uhakika, wakamfuata.

Kumi na mmoja langoni! Wazazi wakanyakua watoto wa pembeni. Guduudo akaingiza kichwa kwa mlango wa chumba, akachukua kitambaa cha hariri mkononi kwa Rukiyo, akakitafuna pole pole kama anafikiria. Rukiyo akakimbia akajifungia chooni. Lakini wale wanane wa mstari hawakutoka. Wamefundishwa kubaki mpaka muziki uishe, wakabaki, na ngamia anapumua juu ya vichwa vyao!

Hamdi akaniita, eeddo! Neno moja tu.

Nikachukua koor kwa Idman. Sikusema kitu. Ngamia akishtuka ukimpigia kelele ndiyo mwisho wa nyumba, hiyo nilijua kabla ya kujua kusoma. Nikatoka kwa mlango wa pili, nikatembea mbele, nikitikisa kwa mwendo wa ile fidla, maana mguu wangu ulikuwa umeshaushika. Guduudo akageuka akanifuata. Wenzake nyuma yake. Tukavuka uwanja, tukatoka langoni. Miaka arobaini sijatembea hivyo. Nilijiona na miguu mitupu, vumbi la Sangailu, na mama anakanda unga huko mbele.

Abdille alikuwa barabarani. Akaniuliza kama kweli tulinyonya titi moja ama mimi niliokotwa. Nilimfungia Guduudo koor yake mimi mwenyewe. Wakaenda.

Niliporudi, muziki umeisha na watu wote wamesimama kimya. Hamdi alikuwa amewaambia watoto na wazazi wafumbe macho, wainue mkono, na kila mtu aushushe asiposikia tena ile koor ikienda. Mikono ikashuka mmoja mmoja. Wa wazazi. Wa Hamdi. Mzee Salah mkono wake ulibaki juu muda mrefu, bakora imeanguka, ndevu zimelowa. Aliuza ngamia wake wa mwisho mwaka ule wa ukame na hakuwahi kusema neno. Akashusha. Mwishoni Idman. Akashusha.

Wa kwangu, maana nami niliuinua, Hamdi ndiye aliushusha, akaushika.

Alhamisi, 18 Septemba

Ofisini tena. Nilivaa shuka mpya, kama ni kufukuzwa nifukuzwe na heshima.

Hamdi alianza na makosa. Yalikuwa mengi. Alisema nimechukua kisichokuwa changu (nusu!), nimemnong'oneza mtoto aliyekuwa anafanya kazi bora ya mwaka, na kitambaa cha hariri kimeliwa. Nikaanza kuaga.

Akasema subiri. Akasema jana niliona mtu anasikiliza kuliko watoto wote. Nikageuka kuangalia nyuma, nikidhani Rukiyo ameingia. Akasema ni wewe, eeddo Qali.

Chumba ni changu! Mwezi mmoja wa majaribio. Masharti: mkono nyuma, mdomo umefunga, mtoto afanye mwenyewe.

Rukiyo anaenda jikoni. Nilimtafuta nimpe pole ndefu, nilikuwa nimeipanga tangu asubuhi. Akanikatiza. Akasema amefurahi, abaayo, chumba chenye mlango mpana hivyo hakitaki, na watoto hatimaye watakula chakula chenye chumvi ya kawaida. Chumvi yangu ina nini?

Ijumaa, 19 Septemba

Siku ya kwanza ndani. Nimekaa! Kiti ni cha mtoto, magoti yako masikioni, lakini ni kiti, kiko darasani, na mgongoni kimeandikwa Qali.

Fidla ikalia na safari hii hakuna ukuta. Idman alikuwa na zile kengele za chuma, anatafuta pacha wa sauti. Akachukua ya tatu. Nilijua ni ya tano! Mkono wangu nimeukalia. Ulimi nimeuma. Akarudisha, akajaribu nyingine, akarudisha, akasikiliza na macho yamefumba. Akapata. Mwenyewe! Akanitazama akatabasamu. Nililia kidogo, kwa furaha, ndani ya shuka.

Kwa hiyo Montesori sasa nimeielewa yote. Hamdi angeniambia tangu mwanzo tusingesumbuana. Mtoto lazima afanye mwenyewe, mtu mzima asionekane. Asionekane! Ndiyo siri yake.

Kwa hiyo Jumatatu nitafika saa kumi na mbili, kabla ya watoto, kabla ya Hamdi. Kila kengele nitaipaka hina kidogo chini, mapacha alama moja. Kisha nitakaa kwenye kiti changu, mkono nyuma, mdomo umefunga.