Maharage Yanayojiivisha

Jumatatu, 9 Juni

Mtungi wa gesi umekuwa mwepesi. Nimeutikisa mara tatu, jibu ni lile lile. Mitihani iko wiki mbili mbele na mchango wa chumba umekwisha. Mhasibu, mwenzetu anayesomea hesabu, ametangaza kwamba gesi ikiisha kabla ya mwisho wa mwezi, mimi natolewa kwenye sufuria. Nipike kivyangu, nile kivyangu. Eti tangu nikabidhiwe jiko, gesi inakwenda kama maji. Husuda tu! Alilitaka jiko yeye. Wakili, anayesomea sheria, hakuinua macho kwenye vitabu. Anajiandaa kwa usaili wa Alhamisi, kazi yenye mshahara huku bado anasoma. Mtu mwema sana. Ana koti zito sana.

Jumanne, 10 Juni

Nimegundua! Maharage ndiyo yanayomaliza gesi. Saa mbili nzima motoni! Kumbe ukiyachemsha nusu saa, ukayafunika vizuri yasipoteze joto, yanajiivisha yenyewe. Nimeizungushia sufuria taulo langu na sweta mbili, nikaitia ndani ya boksi. Baada ya saa sita tumekula kokoto. Mhasibu anadai jino lake limepata ufa. Nimemweleza kwamba sayansi ina hatua. Kosa ni la taulo. Jembamba mno, hata mimi halinikaushi.

Jumatano, 11 Juni

Koti la Wakili ni la babake, aliyelivaa siku moja tu, ya kustaafu. Sufu tupu, na bitana ndani yake. Wakili alikuwa maktaba. Sikutaka kumsumbua kwa kumwomba. Nikaizungushia sufuria koti hilo kwa heshima zote, mikono nikaifunga fundo, boksi nikaliweka karibu na mlango. Saa kumi nikapenyeza kidole. Bado moto! Nilikaribia kupiga vigelegele.

Ndipo Mhasibu akaingia, kilo zake tisini, akakalia boksi ili afunge kamba za viatu.

Naandika kwa utulivu: kosa ni la Mhasibu. Nani hukalia boksi bila kuuliza lina nini? Mchuzi umeingia hadi mfuko wa ndani. Maharage yenyewe, niseme kweli, yalikuwa yameiva barabara.

Wakili aliporudi hakupiga kelele. Alilishika koti, akatoa harage mfukoni, akaniuliza kama najua babake alililipia kwa miezi mingapi. Sijui. Nimeona haya mpaka masikio yakawaka. Tumelifua wote watatu.

Alhamisi, 12 Juni

Koti halikukauka. Nikalipiga pasi, harufu ya vitunguu ikaamka upya. Wakili amelivaa hivyo hivyo, hana lingine. Amerudi saa saba, akajilaza akitazama ukuta. Anasema katikati ya usaili bwana mmoja alimwuliza mwenzake kama kantini imeshafunguliwa. Nimemwekea chakula. Hakukigusa. Nami roho imenisuta, nikashindwa kula. Baadaye nimekula, chake na changu.

Jumamosi, 14 Juni

Simu! Wakili amepata kazi! Aliyempigia alicheka, akamwita yule kijana wa maharage, akasema hakuna aliyejibu maswali vizuri kama yeye. Wa maharage, jamani! Vijana thelathini, wote makoti safi, nani angekumbukwa? Nimewaeleza wenzangu mchango wangu katika ushindi huu. Hawakupiga makofi. Mhasibu akaitisha kura. Wawili kwa mmoja, nimetolewa kwenye sufuria. Wakili mwenyewe ameinua mkono, tena haraka, kama mtu aliyesubiri tangu Jumatano.

Nimeumia, sifichi. Nimeapa sitagusa tena kitu cha mtu.

Jioni mama yake Wakili amekuja kumpongeza, na blanketi jipya mkononi. Amelitandika kitandani mwenyewe, akanipa mkono, akaniita mwanangu. Akasema anamshukuru Mungu kwamba mwanawe anaishi na watu wema. Nimeinamisha kichwa.

Wenzangu wamemsindikiza mama hadi kituoni. Nimebaki peke yangu. Nimelibonyeza blanketi kwa kidole kimoja tu. Zito! Na pana, linazunguka sufuria mara nne bila shida. Hili hata Mhasibu akilikalia, halipitishi tone.

Nimeshaloweka maharage.