Ombi la Kurudishiwa Mama Kutoka Huduma Saidizi

Mheshimiwa Makamu Mkuu wa Chuo,

Kwanza nikiri jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata rafiki yangu tunayekaa naye dawati moja. Yule mlalamikaji wa Bweni la Mashariki anayejiita "Mteja Asiyeridhika", ambaye karatasi zake zimejaa kwenye sanduku la maoni mlangoni mwa bwalo lenu, si mwanafunzi wenu. Ni mimi. Bado niko sekondari. Jioni napita chuoni kumsubiri mama twende nyumbani, na mama ndiye Mkurugenzi wenu wa Huduma Saidizi na Biashara. Kwa nini nilijifanya mteja, nitaeleza nikifika lalamiko la tano. Naomba usiruke kwenda huko.

Nakuandikia kwa sababu mimi ni mtu wa aibu, na haya siwezi kuyasema kwa mdomo. Shuleni tunafundishwa kwa lugha mbili, moja ya mtihani na moja ya kugombezwa. Nimechagua hii ya kugombezwa kwa kuwa ndiyo niliyoizoea.

Nimesikia kwamba wiki ijayo Baraza la Chuo litakaa kuamua kama mama aongezewe mkataba. Naomba, kwa heshima na taadhima, asiongezewe. Sababu zangu ni hizi.

1. Lugha. Tangu mama apate cheo hiki, nyumbani kwetu hakuna tena mtoto, mume wala mama mkwe. Kuna wateja. Juzi bibi, mama yake baba, aliomba chumvi mezani. Mama, macho yakiwa kwenye simu, akamjibu, "Ombi lako limepokelewa na linashughulikiwa." Bibi akatazama huku na huku. "Limepokelewa na nani, mwanangu? Chumvi si hiyo hapo kwenye kiwiko chako?" Chumvi ilimfikia akiwa ameshanawa mikono.

2. Baba. Baba yangu ni fundi wa majokofu na mabomba, na bomba la jikoni kwetu linavuja. Zamani angechukua spana na mambo yangekwisha kabla chai haijapoa. Sasa mama anasema mtu wa ndani hawezi kujipa kazi mwenyewe, ni lazima pawe na ushindani, wazabuni watatu walete bei zao. Baba akaziandika zote tatu yeye mwenyewe, moja kwa mkono wa kushoto. "Na bado nimekosa," akaniambia. "Mama yako kasema wazabuni wote watatu hawana uzoefu na nyumba hii." Bomba linaendelea kudondosha. Chini yake kuna ndoo, na hiyo ndoo jina lake ni suluhisho la mpito.

3. Jiko. Limekabidhiwa kwa mwekezaji. Mwekezaji mwenyewe ni shangazi, ambaye alikuja kututembelea akapewa mkataba. Chakula sasa kina saa zake. Mdogo wangu, tunayemwita Kipaza kwa sababu ya sauti yake, alichelewa mpirani akakuta sufuria zimefunikwa.

"Dirisha limefungwa," shangazi akamwambia.

"Lakini shangazi, jiko letu halina dirisha."

"Ndiyo maana limefungwa vizuri."

Kipaza alilala na ndizi moja. Kesho yake shangazi akamwomba ajaze maoni kuhusu ile ndizi.

4. Wateja wakubwa. Sipendi kuwagusa maprofesa wako, lakini sina budi. Siku moja nilikuwa na homa. Mama alikaa kando ya kitanda akaniwekea kitambaa chenye maji kwenye paji la uso, na kwa muda mfupi nikasahau kabisa kwamba ana cheo. Simu ikalia. Alikuwa profesa wenu wa maadili, amekasirika kwa sababu mhadhiri mdogo ameegesha gari kwenye kivuli chake. Nilimsikia mama akimuuliza kwa upole, "Kivuli chako, Profesa, au cha mti?" Kumbe kivuli cha mti ni kwa watu wote, hiki kingine kinaendana na cheo. Mama akaondoka. Baadaye nikamtumia ujumbe: "Mama, kitambaa kimekauka." Papo hapo likarudi jibu: "Mpendwa mteja, pole kwa usumbufu. Maoni yako ni muhimu kwetu." Aliporudi aliapa kwamba simu ilijibu yenyewe. Namwamini. Ila najiuliza ile simu ilijifunza wapi.

5. Neno lenyewe. Usiku mmoja nilimuuliza mama maana ya "saidizi". Akanieleza kwa subira, kama anayeeleza mgeni rasmi. Shughuli kuu ya chuo ni kufundisha na kufanya utafiti. Kulisha watu, kuwalaza, kuwauzia madaftari na kuwatafutia pa kuegesha magari ni huduma saidizi, na sifa ya huduma saidizi iliyo bora ni kujiendesha yenyewe bila kuisumbua shughuli kuu.

Mheshimiwa, mimi chuo sijafika, lakini nimewahi kufanya mtihani na njaa, na siku hiyo shughuli kuu ilikuwa tumbo. Duka lenu la vitabu pia nimeliingia. Lina ndoo, mito, sabuni na vikombe vyenye nembo ya chuo, na kitabu pekee nilichokiona ni cha mahudhurio ya wauzaji. Nasikia vikao vyenu vya kubana matumizi hupewa chai kabla na baada. Hayo ni yenu, nayapita. Mimi kilichonikaa ni kingine. Usiku ule nilielewa kwamba shughuli kuu ya mama ni chuo. Huduma saidizi ni sisi. Tunajiendesha wenyewe, wala hatumsumbui.

Basi nikaamua kuwa mteja. Niliandika, "Mto wangu umekuwa bapa," nikatumbukiza sandukuni. Kesho yake jibu lilikuwa kwenye ubao ulio juu ya sanduku, kwa mwandiko wa mama: "Pole sana, mpendwa. Njoo ubadilishiwe. Jana ulilala vizuri?" Nilisimama mbele ya ule ubao mpaka mlinzi akaniuliza kama nimepotea. Nikaandika tena, kwamba nimetoka kwenye mtihani na hakuna aliyeniuliza ulikuwaje. Akajibu: "Ulikuwaje? Andika, nitasoma." Nikaandika kurasa mbili. Akazisoma, maana alinisahihishia hesabu moja.

Karatasi yangu ya mwisho ilisema kwamba korido ya vyumba vya kulala haina taa tangu mwezi juzi, na napita nikipapasa ukuta. Jibu lake: "Mpendwa mteja, nimeitafuta korido hiyo na sijaiona. Naomba unielekeze ilipo." Hapo nikakata tamaa. Ikiwa hata mteja sasa ndiye anayemwongoza Mkurugenzi, basi hakuna tena mlango wa kugonga.

Kwa hayo yote naomba Baraza lifanye moja kati ya haya. Mumrudishe mama nyumbani akiwa mzima. Mkishindwa, nyumba yetu isajiliwe kuwa bweni la chuo, ili nasi tukaguliwe, tuulizwe kama tumelala vizuri, na bibi apate chumvi kwa wakati. Mkishindwa na hilo, nisajilini mimi kama mwanafunzi bila mtihani, chumba kimoja, Bweni la Mashariki. Sitasumbua darasani. Sitaingia darasani kabisa. Nitalalamika tu.

Nisalimie mlinzi wa ubaoni, wapishi wa bwalo wasionifukuza ninapokaa karibu na joto la majiko yao, na Profesa wa maadili pamoja na kivuli chake.

Nasikia hatua za mama zinakuja upande wa chumba changu. Karatasi kama hii kwa kawaida huingia ndani ya atlasi, atlasi ikaingia chini ya godoro. Leo nimechoka kuficha. Naiacha hapa mezani.

Wako nikiwa bado kwenye foleni,

Mteja Asiyeridhika,
mtoto wa Mkurugenzi

Nyongeza baada ya sahihi: Mheshimiwa, mama ameanza kuisoma akiwa amesimama, kalamu nyekundu mkononi. Alipofika kwenye ile karatasi ya korido akakaa kitandani.

"Bweni la Mashariki halina korido," akasema. "Milango yake yote inafungukia uani. Nilijua huyo mtu hakai pale. Nimezunguka mabweni yote na tochi namtafuta mtoto anayepapasa ukuta."

Nikamwelekeza kwa kidole, nje ya mlango wangu.

Alikwenda akaleta kiti na balbu, bila zabuni, na baba akakishika kiti bila kuandika bei. Taa ikawaka. Tatizo likaanzia hapo, maana kwa mwanga ule mama aliziona kuta, kisha dari, kisha akasikia bomba. Akasema huenda mimi nina haki, Baraza lisimwongezee mkataba, akae hapa kutwa nzima, nyumba hii inahitaji Mkurugenzi. Sasa hivi anaipima korido kwa hatua. Shangazi amefungua dirisha ambalo halipo na anamgawia Kipaza chakula cha ziada. Bibi amekumbatia kikopo cha chumvi. Baba amenijia pembeni akaninong'oneza, "Mwanangu, barua hiyo bado hujaituma?"

Kwa hiyo naomba zile sababu tano zisomwe kama sifa zake, na mkataba uongezwe upesi, ikiwezekana kuanzia kesho asubuhi. Mtuachie jioni tu. Jioni zinatutosha.

Chini ya lalamiko la tano utaona maandishi mekundu. Ni yake. Ameandika "Imepokelewa", kama anavyoandika kwenye karatasi za wateja wote, ila pale ambapo huweka cheo ameandika "Mama".