Mgonjwa Wangu Ana Mkia

Jumatatu, tarehe 3 Juni
Mkwe wangu amesema mbwa atoke, la sivyo tutoke wote wawili. Tumetoka wote! Mwanangu akabaki kutazama viatu vyake. Nilimzaa mwenyewe, lakini mbwa wangu Bosi ndiye aliyenilalia miguuni mwaka ule wa msiba wa mume wangu, watu walipokwisha kula na kwenda zao. Simwachi.

Dalali amenionyesha vyumba vitatu. Viwili havina mlango. Cha tatu kina mlango, na kibao getini. Hata mimi niliyeishia darasa la pili nimekisoma: MBWA MARUFUKU. Dalali akauliza nitaishi na nani. Ulimi ukatangulia: na mume wangu. Mgonjwa. Hatoki ndani. Anaitwa Bosi.

Bosi ni jike, lakini nani atamfunua?

Chumba nimepata!

Jumanne, tarehe 4
Nimemwingiza alfajiri kwa mkokoteni, amefungwa shuka. Alitulia kama gunia. Jirani wa mlango wa pili, Mama Usafi, yule anayefagia ua mpaka ndani ya maisha ya watu, akasema masikini, mzee amekonda. Hapo hapo Bosi akabweka! Nikasema kikohozi. Akasema kikohozi cha namna hiyo hajapata kukisikia. Nikamwambia amshukuru Mungu.

Alhamisi, tarehe 6
Mjinga mimi! Mvi zote hizi, nimesahau kuwa mgonjwa hutembelewa. Mwenye nyumba, wenyewe wanamwita Bimkubwa, ameleta uji. Mama Usafi ameleta supu. Wote wanataka kumjulia hali. Nikasema amelala. Jioni wakarudi. Amelala. Bimkubwa akauliza ni ugonjwa gani huu wa kulala kutwa na kurudisha bakuli linang'aa.

Uji wote anakula Bosi. Tumbo linaburuza chini, nami nashindia maji. Mume gani huyu! Tena amekuwa na kisirani, anakwaruza blanketi langu tangu asubuhi. Nimemtukana. Kisha nikamwomba radhi.

Jumamosi, tarehe 8
Aibu!

Wamekuja wanawake wa ua mzima kumwombea mgonjwa. Nikaziba mlango kwa makalio yangu, na si haba. Mama Usafi akapenya chini ya kwapa. Bosi yuko kitandani gubigubi, kofia ya marehemu kichwani. Bimkubwa akampa pole, akaingiza mkono ampapase. Akapapasa tena. Akasema mzee ana manyoya. Nikasema kwao wote wako hivyo.

Blanketi likalia. Kasauti kembamba. Kakafuata kengine.

Bimkubwa akafunua. Akatazama, akanigeukia taratibu. "Bibi, mumeo amejifungua."

Mama Usafi alicheka mpaka akashika ukuta. Bimkubwa hakuonyesha hata jino. Amefanywa mtoto ndani ya nyumba yake mwenyewe, alisema. Nihame leo hii! Nikamwambia sawa, nahama, uongo ni wangu. Lakini mzazi hafukuzwi siku ya uzazi. Bosi abaki ndani na wanawe, mimi nitalala nje getini, chini ya kibao chake.

Nikaanza kukunja mkeka. Bimkubwa akanitazama weee. Mwishowe akauliza, kwa ukali kabisa, kama kuna aliyemkorogea mzazi uji.

Hakuna? Akaenda kuukoroga mwenyewe.

Jumapili, tarehe 9
Hukumu imetoka. Nibaki. Bosi abaki, alinde nguo kwenye kamba. Watoto wakiacha kunyonya wote wagawiwe watu, hataki kuona mbwa wa pili. Na nisimdanganye tena. Nimeapa, mkono juu, mbele ya Mama Usafi. Nimeapa kwa moyo mmoja.

Lakini huyu kitindamimba, mwenye sikio jeupe! Amelala kiganjani mwangu sasa hivi, anakoroma. Agawiwe nani? Nani atamjua kama mimi?

Nimeshapata la kusema. Nimeletewa mjukuu, ana surua. Safari hii nimetumia akili: surua inaambukiza. Hakuna atakayekuja kumwona.