Klachi ya Bwana Khatib na Kubadhi la Kushoto

Ndugu Mhariri wa Safu ya Magari,

Baada ya salamu, nakuomba ufunge mlango kabla hujasoma mstari wa pili. Ukiichapisha barua hii, ondoa jina langu, ofisi yangu na, ikiwezekana, kisiwa chote cha Pemba.

Mimi ni karani wa miezi mitano, sijathibitishwa kazini. Mkuu wangu, Bwana Khatib, yuko Unguja. Ameniachia gari lake la michezo, lenye viti viwili na umri uliomzidi mama yangu, niliwashe kila asubuhi na kulizungusha hapa Madungu. Alhamisi anarudi. Ijumaa bwana harusi wa binti yake atapelekwa msikitini ndani ya gari hilo. Malalamiko yangu ni haya:

1. Tangu Jumatatu klachi haikanyagiki. Pedali inashuka nusu, inagoma, na gia inalia kama mbuzi anayevutwa sikio. Klachi hii haina waya, husukumwa na mafuta ya breki, na mafuta yamo. Nimekagua kichupa mara tisa.

2. Fundi Jaribu amelala chini ya gari siku mbili akitoa upepo kwenye paipu. Mimi nakanyaga, yeye anafungua nati. "Kanyaga, karani, hupigi muhuri hapo," ananiambia. Nakanyaga mpaka goti linatetemeka. Mwenyewe hawezi kukaa kitini, kwani Bwana Khatib aliagiza asikikalie mtu ila mimi.

3. Gereji ya Fundi Jaribu ina wizi. Zulia la gari ni jipya, nami sikulelewa kukanyaga zulia la mtu na viatu, hivyo huvua makubadhi yangu na kuyaweka hapo miguuni. Jumatatu hiyohiyo la kushoto likatoweka. Namshuku Fundi Jaribu, ingawa mguu wake ni mara mbili ya wangu. Ofisini naenda na malapa ya dada yangu Moza, yenye maua, na wananchi wanayaona.

4. Kwa hiyo naomba gazeti lako lidai magari yote ya klachi ya mafuta yazuiwe Pemba hadi iundwe tume. Pia litangaze kwamba Alhamisi boti haitoki Unguja. Bwana Khatib hulisoma kabla ya chai na huliamini lote.

Wasalimie jamaa wote wa chumba cha habari, na anayekifagia.

Wako mtiifu, mwenye hofu,
Suhail Mmanga (jina la kuondolewa)

Tanbihi: Leo adhuhuri, kwa kung'ang'ania kwangu, Fundi Jaribu ameichomoa masta silinda, ile pampu ya mafuta ya klachi. Akaingiza mkono nyuma ya pedali, akatoa kubadhi la kushoto. Akalitazama, akanitazama miguu, akasema, "Bwana karani, klachi ilikuwa nzima."

Ilikuwa. Sasa mpira wa ndani ya pampu hiyo umechanika katika kuchomolewa, na Pemba nzima hatujaupata mwingine. Futa malalamiko yote, hasa la tatu, ila lile la boti liache. Msomaji mwenye mpira huo asipige simu ofisini. Aende duka la vitambaa la Moza, hapa Madungu, aseme tu kwamba kanga ya Suhail imefika. Nitakuja mbio, na viatu vyote viwili.