Uzinduzi wa Kioo cha Mbele, Mahango

Mheshimiwa mwakilishi wa mwakilishi wa Mwenyekiti wa Wilaya. Afande uliyesimama na Afande uliyelala. Viongozi wa dini mlioomba kwa zamu mpaka chai ikapoa. Mastekiholda mliopanda kutoka Bwera na Kasese. Wakulima wa kahawa, wakunga, na nyinyi wengine ambao protokoli haijawatambua: salamu! (Makofi ya watu wanne.)

Mimi, Nobert Syahuka, Kaimu Naibu Mratibu wa Mradi wa Kufufua Gari la Kale la Wagonjwa, nasimama mbele yenu kwa unyenyekevu unaozidi wa mtu yeyote wilayani, kuwaarifu kwamba mwaka wa tatu wa utekelezaji umetimia, na kwamba kwa mujibu wa ripoti niliyoiandika, kuisoma na kuipongeza mwenyewe, mradi umefikia asilimia mia moja na kumi na nne. (Makofi. Mkunga Marita anainuka, mikono ina glovu.)

"Mukubwa, munaongea muzuri. Lakini Gorret, muke wa bwana Kule, uchungu imemushika tangu asubui, na mutoto amekaa vibaya. Gari iko wapi imushushe hospitali?"

Swali zuri, mama, na lina kipengele chake. Gari la kale, wananchi, si mbuzi wa kununua sokoni ukaondoka naye. Kuna suala la kioo. Kioo chetu kina mikwaruzo, na utaalamu unasema upitishe ukucha: ukucha ukiteleza, unasugua kwa unga laini na maji mpaka king'ae; ukucha ukinasa, mkwaruzo umezama, na ukilazimisha kusugua, kioo kinapinda macho na dereva anaona barabara mbili. Ndipo tukaunda Kamati Ndogo ya Kucha. Katibu wangu Aaron alifuga kucha miezi kumi na minne kwa ajili ya taifa, hakushika jembe, hakuosha sahani, mpaka kucha zenyewe zikaongeza mikwaruzo saba. Hiyo ndiyo data! (Kicheko. Aaron anapunga mkono kwa uangalifu.)

"Mukubwa, huyu mama atatufia!"

Naipokea kwa uzito wake. Sasa tuje kwenye rangi. Rangi ya zamani ina risasi. (Afande aliyelala anaamka.) Madini, Afande, madini! Ukiikwangua kavu, vumbi lake ni sumu. Inataka msasa wa maji na kitambaa puani. Hapo kamati ikagawanyika, Wakwanguaji huku, Watunzaji kule, tukafanya wokshopu tatu ufukweni Kasenyi, tukala samaki ngege wa kukaanga kwa uchungu mkubwa wa moyo, na tukaazimia kwa kauli moja kwamba rangi isikwanguliwe wala isiachwe. (Minong'ono. Watu wanapishana nyuma ya jukwaa; Marita haonekani tena.)

Utulivu huko nyuma! Maendeleo hayataki haraka. Haya, semeni nami: Kioo! (Watoto: "King'ae!") Rangi! (Watoto: "Isubiri!") Gari! (Kimya.) Gari! (Mbuzi mmoja analia.) Vizuri sana.

Kwa kuhitimisha, namshukuru Padri aliyetupatia kioo hiki, ambacho kimetoka kwenye kabati lake la vikombe. Naishukuru kamati yangu, na zaidi najishukuru mimi. Nawashukuru pia wanaume wanane wa Mahango walionibeba kwa machela ya wagonjwa, tangu lami inapoishia mpaka jukwaani hapa, huku mmoja akinishikia mwavuli, kwa sababu, tuseme ukweli mbele ya Mungu, gari hatujawahi kuwa nalo, hata tairi. Tulitangulia na kioo ili mengine yafuate. Sasa, mvua inatishia, nawaomba vijana wangu walete machela wanishushe.

(Anageuka kutazama nyuma ya jukwaa.)

Vijana? Afande, wako wapi wabebaji wangu?

(Sauti ya Marita, mbali, kutoka mteremkoni: "Wamebeba Gorret! Wewe shuka na kioo yako!")