Bangili Yenye Hadithi Tatu

Octave wa Lubumbashi alikuwa na kipawa kimoja na koti moja. Kipawa chake, kwa maelezo yake mwenyewe, kilikuwa kumnusa mwongo. Koti lilikuwa la sufu, la buluu, la Paris kwelikweli, kitu pekee cha kweli alichokuwa nacho. Kwa koti hilo aliwapangisha watu vyumba vya mtaa wa Bellevue ambavyo hata yeye hajawahi kuviingia. Bila koti, nani angemwamini?

Jumamosi moja, sokoni Newtown, alikuwa akitafuna kitumbua cha Bi Mayasa, mama wa Kizanzibari, akaona bangili nono ikimeta chini ya buibui.

"Mama, hii bangili ulitosha wapi?" akauliza kwa Kiswahili cha kwao, akitaka kujua alikoitoa.

"Kanipa marehemu mume wangu, Mungu amrehemu."

Aliporudi kununua cha pili, bangili ilikuwa urithi wa mama yake. Kwa cha tatu, wallahi, aliiokota Mayfair, mlangoni kwa sonara.

Octave nusura apige vigelegele. Anayebadili hadithi ni mwongo. Anayeficha alikoitoa bangili kaiiba. Na mwizi gani atajisumbua kuiba shaba? Basi ni dhahabu. Kuna watu wamepewa uprofesa kwa akili ndogo kuliko hiyo.

"Mama, polisi wanapitaka hapa," akanong'ona. "Unipe miye, nikufichie."

Bi Mayasa akashtuka, akatazama huku na huku. "Bure huipati, mwanangu. Fahad wangu anaoa Ijumaa, na koti hana."

Octave akavua.

Sonara aliitazama bangili mara moja tu. "Shaba," akasema, akarudia chai yake.

Octave alirejea sokoni mbio, anatetemeka kwa baridi ya Julai ya huku kusini na kwa hasira, akamvamia Karimu, mlinzi wa soko. "Yule mama amenipora koti!"

"Bibi yule? Kakuvua vipi?"

"Eh... nilimwazima."

Watu wakaanza kucheka.

"Basi, tulibadilishana! Na hii!"

"Koti la sufu kwa kipande cha shaba? Kwa nini?"

Ukweli ulikuwepo, lakini ungemtia Octave ndani.

"Karimu mwanangu," akasema Bi Mayasa kwa upole, akigeuza vitumbua, "mwongo humjui? Zihesabu hadithi zake."

"Eish, ndugu. Tatu," akasema Karimu, akamshika mkono kumtoa nje.

Walipofika langoni Octave akageuka. Bi Mayasa alikuwa ametia mkono kwenye kapu, ametoa bangili nyingine, anaivaa. Bwana mmoja mwenye tai akainama juu ya vitumbua.

"Mama, hiyo umeipata wapi?"

"Kanipa marehemu mume wangu," akasema Bi Mayasa. "Mungu amrehemu."